Kabla hujatuma hela ya tairi nyumbani

Uko Sundbyberg, umetoka saiti umechoka, simu inaita: mdogo wako wa bodaboda anaomba hela ya tairi. Usinunue huku, gharama ya mzigo itakula faida yote.

Muulize kwanza, kutwa nzima anapita wapi zaidi? Kama ni mawe na matope, tairi la meno makubwa litamfaa. Lami ikiwa nyingi, meno hayo yanaisha upesi, na mvua ikinyesha yanateleza. Basi achukue la mchanganyiko.

Akifika dukani akutumie picha ya ubavu wa tairi kabla hajalipa. Saizi ilingane na la zamani: 3.00-17 maana yake upana inchi 3, rimu inchi 17. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hilo hata liking'aa namna gani, mpira umeshazeeka, aliache.

Ongeza hela ya tyubu mpya. Tyubu kuukuu imeshatanuka, hujikunja ndani na kupasuka, tena akiwa na abiria. Krona hazitoshi kwa matairi mawili? Aanze na lililoisha zaidi, mara nyingi la nyuma.