Dozi ya Nyongeza ya UVIKO-19 Inakinga Nini?

Katika semina za afya huko sharikani swali hili halikosi: ikiwa mtu aliyechanjwa mara tatu bado anaweza kuugua UVIKO-19, dozi ya tatu ilikuwa ya nini? Ni swali la haki. Jibu lake linataka tutenganishe mambo mawili, yaani kuambukizwa na kulazwa hospitali.

Israeli ndiyo iliyotangulia. Mwishoni mwa Julai 2021 ilianza kuwapa wenye miaka 60 na zaidi dozi ya tatu ya Pfizer. Watafiti walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 1.1. Waliopata nyongeza waliambukizwa kwa kiwango kilichokuwa chini mara 11 hivi kuliko wenye dozi mbili, na ugonjwa mkali ulikuwa chini karibu mara 20. (Huenda waliowahi sindano walikuwa pia waangalifu zaidi, lakini tofauti kubwa hivyo haielezwi na uangalifu peke yake.)

Kisha Novemba 2021 aina ya Omikroni ikatambuliwa kusini mwa Afrika, na mambo yakabadilika. Nchini Uingereza, nyongeza ya Pfizer kwa waliokuwa na dozi mbili za chanjo hiyo iliwakinga na kuugua, hata kwa dalili ndogo, kwa asilimia 67 katika wiki za mwanzo. Baada ya wiki 10 ikashuka hadi asilimia 46 hivi. Marekani ilipopima kulazwa, kinga ilikuwa asilimia 91 katika miezi miwili ya kwanza, na 78 kufikia mwezi wa nne.

Hapa wengi hukosea. Asilimia 91 haina maana kwamba waliochanjwa 9 kati ya 100 walilazwa. Maana yake ni kwamba, katika makundi mawili yenye idadi sawa, wasiochanjwa wakilazwa 100, waliochanjwa hulazwa 9.

Sababu ya tofauti hiyo iko mwilini. Kingamwili zilizo kwenye damu na puani, ambazo hukizuia kirusi mlangoni, hupungua baada ya miezi michache. Chembe za kumbukumbu hudumu zaidi. Hazikizuii kirusi kuingia, bali hukidhibiti kabla hakijaharibu mapafu. Akina mama waliochomwa sindano ya pepopunda zaidi ya mara moja hawatashangaa kusikia kwamba mwili huhitaji kukumbushwa.

Kijana mwenye afya njema hana faida kubwa katika nyongeza nyingi. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilielekeza nguvu kwa wazee, wenye kisukari au ugonjwa wa moyo, wenye kinga dhaifu wakiwemo wanaoishi na VVU, wajawazito, na watumishi wa afya: dozi nyingine miezi 6 au 12 baada ya ile ya mwisho, kutegemea hali ya mtu. Aliye katika makundi haya na aende kituo cha afya na kadi yake ya chanjo, ili mhudumu aone alichanjwa lini mara ya mwisho.