Meza ya ruta kwa karakana ya kijijini: nini kirahisishwe na nini kisiguswe

Kijana anayeanza useremala Yaeda Chini huwa na msumeno, randa, patasi na nyundo. Akijaliwa kupata mashine moja ya umeme zaidi ya kekee, mara nyingi huwa ni ruta ya mkononi, ile inayochonga urembo wa mlango, kufungua mfuo wa paneli na kuviringa kingo za mbao. Tangu mwaka 2016, elimu bila ada ilipojaza madarasa na nchi nzima ikahimizwa kutengeneza madawati, kazi ya kuviringa kingo imekuwa mkate wa mafundi wengi. Dawati lenye ukingo mkali huchubua mapaja ya watoto.

Tatizo ni kwamba ruta ya mkononi inataka ubao mpana wa kuikalia. Ukimpa fundi fito nyembamba za mgongo wa dawati, mashine inayumba. Hapo ndipo tunapohitaji meza: ruta inafungwa chini, kichwa chini miguu juu, kisu kinachomoza kupitia tundu, na sasa ni mbao inayotembea badala ya mashine.

Meza za kiwandani ni ghali na ziko mbali. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya meza hii inaweza kujengwa kwa mabaki. Miguu ya mbao yoyote ngumu inatosha, mradi haichezi. Juu, gundisha plaiwudi mbili za milimita 18, upana sentimita 60 na urefu 80 hivi. Kimo kiwe cha kiuno cha fundi.

Kisichorahisishwa ni bamba linaloshika mashine. Plaiwudi nene inameza urefu wa kisu, na nyembamba inapinda kwa uzito. Bamba la alumini la milimita 6 ndilo zuri. Fungua kitako cha plastiki cha ruta, kiweke juu ya bamba, weka alama za matundu yake na utoboe hapohapo. Vichwa vya skrubu vizame, visikwaruze mbao. Bamba likae sawa kabisa na uso wa meza. Hata likizidi kidogo, ubao utakwama katikati ya kazi.

Kisha kiongozi, yaani ubao wa kuegemeza kazi. Mhadzabe anayenyoosha mshale huupasha moto, huukunja kwa meno, halafu huutazama kwa urefu wake. Fanya hivyo kwa kiongozi chako, utazame kwa jicho moja. Unyoofu wake ndio muhimu. Kwa kuwa kisu ni duara, si lazima kiongozi kilingane na ukingo wa meza. Kifunge kwa bolti upande mmoja na klampu upande wa pili, ukisukume mpaka kipimo unachotaka.

Sasa twende kwenye vidole. Ruta nyingi huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika. Kisu chenye kipenyo cha milimita 50 kikizunguka mara 24,000, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kisu kikubwa namna hiyo kitumike tu kwa mashine inayopunguzwa mwendo, hadi kama 12,000. Mashine isiyo na kipunguzo ibaki na visu vidogo.

Ukisimama mbele ya meza, kiongozi kikiwa nyuma ya kisu, sukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto. Ruta iliyopinduliwa huzunguka kinyume cha saa, hivyo ukisukuma upande mwingine kisu kitainyakua mbao na mkono ulioishika. Usipitishe mbao katikati ya kisu na kiongozi. Chonga kidogo kidogo, milimita 3 kwa mara moja. Kipande kifupi kichongwe kikiwa bado kwenye ubao mrefu, ndipo kikatwe. Shuka begani iachwe mlangoni, glovu pia. Kutoka bondeni hadi hospitali ya Haydom na mkono uliofungwa kanga ni safari ndefu, na masika huifanya ndefu zaidi.

Swichi iwe mbele ya meza, mahali goti linapofika. Kuinama chini ya meza kutafuta kitufe huku kisu kinazunguka ni ujinga ambao tungependa usionekane tena. Kubadilisha kisu, chomoa waya kwanza. Ingiza shina lake mpaka mwisho, lirudishe milimita 2 au 3, ndipo ukaze nati.

Karakana inayotegemea jenereta ikumbuke kwamba ruta ya wati 1,200 huvuta zaidi inapowaka. Jenereta ya kilowati 2 ndiyo ya kuanzia. Waya mrefu mwembamba hupunguza umeme na kuipasha mota moto.

Na vumbi. Mota ikiwa chini ya kisu, unga wote unaiangukia; ipulizwe kila jioni. Kwa fundi mwenyewe, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Fungua madirisha, vaa barakoa, na siku ya kwanza ya kazi kagua tena skrubu za bamba baada ya saa moja, kwa sababu mtetemo huzilegeza.