Choo cha Umeme na Matope ya Rwamgasa

Tangu video ya choo kinachowasha taa ianze kuzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, ndugu wa Geita wana swali moja tu: kwa nini kisijengwe Rwamgasa, kijiji chetu cha wachimbaji dhahabu? Choo chenyewe si hadithi. Mwaka 2017 watafiti kutoka Bristol, Uingereza, walikijenga katika sekondari ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda, na mkojo ukawasha taa za vyooni.

Siri ni bakteria. Chakula chochote kikimeng'enywa hutoa elektroni, na lazima ziende mahali. Sisi tunaziachia oksijeni tunayovuta. Kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria wa jamii ya Geobacter huzisukumia kwenye kutu ya chuma. Mtafiti Derek Lovley aliwapata mwaka 1987 katika matope ya mto Potomac, Marekani. Ukiwawekea kaboni badala ya kutu, elektroni hupita kwenye waya. Mwaka 2004 Profesa Bruce Logan, mhandisi wa mazingira wa Pennsylvania, na wenzake walipata umeme hivyo kutoka maji taka ya majumbani. Umeme kidogo, lakini. Usitegemee kuzungusha karasha la kusagia mawe.

Sasa turudi nyumbani. Rwamgasa (ramani nyingine huandika Rwamagasa) mawe husagwa, huoshwa kwenye mialo, kisha mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki kwa mikono. Kinachobaki ndicho marudio, na zebaki haitoki yote. Ndiyo maana mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza 2002 ulichagua kijiji hiki kwa upande wa Tanzania. Na maji ya huko, kinyume na wengi tunavyodhani, hayaendi Ziwa Victoria. Hushukia Nikonga, Malagarasi, hadi Tanganyika.

Zebaki ya metali ikimezwa hupenya mwilini kidogo sana. Balaa huanza matopeni, bakteria wasiohitaji hewa wanapoigeuza kuwa methilizebaki, ambayo huingia kwenye samaki, kisha kwenye ubongo wa mlaji, na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitambua jeni mbili zinazofanya kazi hiyo. Walizithibitisha kwa bakteria wawili, na mmoja wao ni Geobacter sulfurreducens, yuleyule kipenzi cha maabara za umeme!

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu wa Geita ni hili. Choo cha namna hiyo shuleni, mbali na mialo, sina pingamizi. Ila kinyesi na mabaki ya chakula ni shibe ya bakteria hao, na wakishiba penye zebaki hutengeneza sumu zaidi. Anayetuma hela ya kujenga choo nyumbani aulize kwanza shimo la marudio liko wapi, na maji ya mvua yanatelemkia upande gani.