Utangulizi wa Nyumba Janja na Wasaidizi wa Sauti

Fani ya nyumba janja ina sifa ya kutisha kwa istilahi zake, lakini misingi yake ni michache, na ukiishika utaweza kupima mwenyewe ahadi za wauzaji.

Kifaa cha nyumbani huitwa kifaa janja kinapokuwa na kompyuta ndogo ndani yake na njia ya kuwasiliana na vifaa vingine. Vingi huwa pia na kihisi, yaani sehemu inayotambua hali kama joto, mwanga au mwendo. Msaidizi wa sauti ni programu inayopokea amri kwa maneno badala ya vidole. Msaidizi Siri aliingia kwenye simu za iPhone mwaka 2011, na mwaka 2014 Amazon ikaleta Echo, spika ya mezani yenye maikrofoni saba na msaidizi aitwaye Alexa. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi: mwaka 1952 maabara ya Bell, Marekani, ilikuwa na mashine iliyoitwa Audrey. Ilitambua tarakimu tu, tena vizuri zaidi kwa sauti iliyoizoea.

Sasa tuifuate amri moja: “Washa taa ya sebuleni.” Kabla hujaitamka, unaita kwanza neno la kuamsha, yaani jina ambalo kifaa kinalisubiri. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huuliza: kwa hiyo kinanisikiliza mchana kutwa? Ndiyo, lakini programu inayosubiri ni ndogo, imo ndani ya kifaa, na kazi yake ni kulitambua neno hilo tu. Sauti iliyotangulia hushikiliwa kwa muda mfupi kisha ikafutwa. Hatari ipo pale kifaa kinapodhani kimeitwa kumbe hakijaitwa, kikaanza kurekodi mazungumzo yenu.

Kikishaamka, sauti yako hupimwa, kwa kawaida mara 16,000 kwa sekunde, ikawa mfululizo wa namba. Utambuzi wa usemi ni kazi ya kugeuza namba hizo kuwa maneno. Kisha huja utambuzi wa dhamira, yaani kujua msemaji anataka nini: tendo ni kuwasha, kitu ni taa, mahali ni sebuleni. Mwisho ujumbe mfupi hupita hewani hadi kwenye taa.

Dhamira ndiyo kazi ngumu, hasa kwa Kiswahili. “Iwashe” na “usiiwashe” hutenganishwa na viambishi viwili vidogo vinavyomezwa kirahisi na kelele za feni. Ukisema “niamshe saa kumi na moja alfajiri,” mashine iliyofunzwa kwa saa za Kizungu itatega kengele saa tano asubuhi, nawe umeshachelewa kazini. Dawa yake ni sauti nyingi za wasemaji halisi, wa Unguja, wa Nairobi, wa Lubumbashi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea, na mlango uko wazi kwako pia.

Kuhusu siku zijazo, mengi husemwa. Mimi natazama jambo moja tu: hesabu hizi zinafanyika wapi? Kwa vifaa vingi sauti yako husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake ghafla; wateja wakashindwa kuamuru taa zao kwa simu, ilhali taa zenyewe zilikuwa nzima. Mwaka huohuo ilitolewa Matter, itifaki, yaani kanuni za pamoja za mawasiliano, inayowezesha vifaa vya kampuni mbalimbali kuelewana ndani ya nyumba hata bila intaneti. Lakini modeli kubwa za lugha, zile programu zinazojibu kwa ufasaha wa binadamu, zinahitaji kompyuta zenye nguvu, nazo zinavuta kazi kurudi kwenye seva. Machi 2025 Amazon iliondoa hiari iliyowawezesha baadhi ya wenye Echo kuchakata sauti zao ndani ya kifaa.

Kwangu, amri za msingi za taa, feni na mlango zinapaswa kubaki nyumbani. Maswali marefu ndiyo yaende mbali. Kwa sisi ambao bando huisha katikati ya mwezi, amri hizo kubaki nyumbani si anasa. Kwa hiyo somo lako la kwanza lifanyie dukani: kabla hujalipa, mwombe muuzaji azime intaneti, kisha uamuru taa iwake.