Kipimo cha Mazoezi katika Ubainishaji wa Mapema wa Shinikizo la Juu la Damu

Shinikizo la juu la damu huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi pasipo dalili yoyote. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na hali hiyo, na karibu nusu yao hawakujua. Kipimo cha kawaida, kinachochukuliwa mtu akiwa ameketi na kutulia, huweza kumwonesha kuwa mzima ilhali mishipa yake imekwisha kuanza kudhurika.

Mwili unapofanya mazoezi, moyo husukuma damu nyingi zaidi, nayo mishipa ya misuli hutanuka ili kuipokea. Kwa sababu hiyo, shinikizo la sistoli, yaani la moyo unapojikaza, hupanda hatua kwa hatua. Lile la diastoli, yaani la moyo unapolegea, hubaki palepale au hushuka kidogo. Mishipa iliyokakamaa hushindwa kutanuka ipasavyo, hivyo shinikizo hupanda kupita kiasi.

Utaratibu unaotumika sana ni ule wa Robert Bruce, daktari wa Seattle, Marekani. Mpimwaji hutembea juu ya mashine ya kukimbilia ambayo huongezwa kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3. Watafiti wengi huhesabu kuwa sistoli imevuka mpaka inapofika milimita 210 za zebaki kwa mwanamume, au 190 kwa mwanamke. Katika utafiti wa Framingham, watu waliokuwa na shinikizo la kawaida walipotulia, lakini diastoli yao ikapanda mno wakati wa mazoezi, walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua baadaye.

Hata hivyo, kipimo hiki pekee hakithibitishi ugonjwa. Mkono unaotikisika huvuruga usomaji, na wataalamu hawajaafikiana kuhusu viwango. Aidha, mashine ni ghali, hivyo si rahisi kumpima kila mtu. Manufaa yake yako zaidi kwa wale wanaopimwa moyo kwa sababu nyingine. Daktari anayesoma mchoro wa umeme wa moyo tu na kuipuuza safu ya shinikizo huacha onyo lipite. Anayebainika hapaswi kuanzishiwa dawa papo hapo, bali apimwe kwa saa 24 kwa kifaa cha kuvaa, kisha afuatiliwe.