Kidevu Kimetangulia? Usimlaumu Mama Mkwe

Mko Chapwa mnapiga picha za uchumba, mwenzio anaziba mdomo kwa kiganja: meno yake ya chini yametangulia ya juu. Usiseme alinyonya sana kidole. Kidole husukuma meno ya juu mbele. Hapa tatizo kubwa ni mfupa. Taya la juu limekua kidogo, la chini limezidi, au yote mawili, na mara nyingi ni ya ukoo. Taya la chini huchelewa kuacha kukua, ndiyo maana sura hubadilika baada ya kubalehe. Mtu mzima huhitaji waya, wakati mwingine na upasuaji. Mkijaliwa mtoto, akifika miaka 7 mpelekeni kwa daktari wa meno, taya la juu likiwa bado linavutika. Na leo? Mwambie atoe kiganja, mpige picha.