Moti inalia krrr asubuhi? Cheki oili kabla uuziwe injini

Umeshika Fielder ama Vitz ya mkono wa pili pale Ngong Road. Wiki mbili baadaye taa ya injini inawaka na moti haivuti ukipanda Waiyaki Way kuenda Uthiru. Fundi anaskiza sekunde tano, anasema injini imekufa. Tulia, msee.

Nyingi za hizo moti ziko na injini ya 1NZ. Cheni ndio inapanga valvu zifunguke saa gani, na VVT-i inasongesha hiyo saa kidogo kwa presha ya oili. Oili ikiwa chini, ama imegeuka lami, mpango wote unayumba. So chomoa kile kijiti cha oili kwanza.

Halafu fundi achomeke mashine isome namba. P0011 mara mingi ni oili chafu, ama ile valvu ndogo ya kupitisha oili ya VVT-i imeshika. Inatolewa, inaoshwa, inapimwa. Ikikataa, spea utapata Grogan, huko tao. P0016 ndio ngori: krenki na kamshafti haziskizani. Kama pia inalia krrr ikiwashwa baridi, cheni pengine imelegea. Badilisha na tenshona yake, manze, cheni mpya kwa tenshona imechoka ni kuchoma doh.

Subaru nyingi za EJ zinatumia belti. Hiyo haikuonyi. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo bei inabadilika kabisa.

Na ukienda kucheki gari ya kununua, gusa boneti kabla ya salamu. Ikiwa moto, huenda mwenyewe amewasha mapema ndio usiskie hiyo krrr. Mwambie utarudi kesho, asiiguse.